Kroketi za samaki za kuoka na sosi yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndio maswali watu wananiuliza sana kuhusu kroketi za samaki, zile za mputa (sangara) na viazi ambazo hatukaangi bali tunaoka, ndani laini nje kavu. Nimeyajibu marefu pale panapohitaji maana karibu kila tatizo watu wanalolalamikia, kupasuka, kushika trei, kukosa rangi, ladha kupotea, ukilichimba unakuta chanzo ni kimoja tu: maji. Samaki ana maji, viazi vina maji, kitunguu kina maji, na kwenye mafuta ya moto hayo maji yanakimbia haraka lakini oveni haina nguvu hiyo, kwa hiyo wewe mwenyewe lazima uyatoe kabla. Ukilishika hilo hata vipimo vyangu unaweza kuvibadilisha na bado zitatoka poa.

Nahitaji vitu gani na kiasi gani?

Kwa kroketi kama 16 za gramu 50 hivi, zinazotosha watu wanne: minofu ya samaki nusu kilo, viazi ulaya gramu 400 (vinne vya wastani), kitunguu maji kimoja, kitunguu saumu punje mbili, dania kishikio kimoja kidogo, ganda la limao moja la kukwaruza, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga, na kiini cha yai moja cha kushikanisha. Za kupakia nje ni unga wa ngano vijiko vinne vya chakula, mayai mawili, na chenga za mkate kutoka slaisi tano sita za mkate wa jana au juzi. Mafuta ya kupikia vijiko vitatu vinne, basi. Ute uliobaki wa lile yai la kwanza usiutupe, changanya na yale mayai mawili ya kupakia.

Samaki gani anafaa zaidi?

Mimi nasema mputa, tena bila kusita. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, inachambuka vipande vipande vizuri na miiba yake ni mikubwa unaiona na kuitoa kwa vidole. Ile ya mgongoni ndio unayoitaka, ya tumboni ina mafuta mengi na kwenye oveni yanatoka na kulainisha ganda lote, hiyo peleka kwenye supu. Wenzetu wa Tanzania wanamuita sangara, ni yuleyule aliyewekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kuendelea. Ubaya wake ni bei, maana viwanda vya minofu vinamchukua kwa wingi apelekwe nje, sisi tunagombania kinachobaki.

Ngege (sato) ni mtamu sana, pengine kumshinda mputa kwa ladha, lakini ana miiba midogo midogo na itabidi ukae nayo kwa subira. Ukitumia ngege mpike mzima kwanza ndio uchambue, usijaribu kumkata minofu akiwa mbichi kama huna kisu kikali na uzoefu, utaacha nusu ya nyama kwenye mfupa. Semutundu na male, hao wa jamii ya kambare, nyama yao ni laini na ina mafuta, sipendekezi peke yao ila ukichanganya nusu kwa nusu na mputa inakubali.

Kitu kingine, ukifika sokoni au mwaloni ukaona mputa wadogo wadogo wanauzwa rahisi, waache. Sheria yetu hapa Uganda inataka mputa asipungue inchi 20 na ngege inchi 11, na hata kama sheria usingeijali, yule mchanga hana nyama ya kutosha kwa kroketi, unalipia kichwa na mifupa.

Nitajuaje kama samaki bado ni freshi?

Macho yawe yamejaa na yanang'aa, yakizama au yakiwa na ukungu mwache. Mwambie muuzaji afungue mashavu, ndani pawe pekundu sio kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole, ikirudi juu haraka sawa, alama ikibaki hapana. Na harufu iwe ya ziwa tu. Kama unanunua minofu tayari huwezi kuona macho wala mashavu, basi angalia kama imekaa kwenye barafu na kama kingo zake hazijaanza kuwa za njano. Mialo ya Ggaba, Kasenyi, Masese kule Jinja, kote ukienda asubuhi mapema unapata chaguo zuri, na wamama wa pale wanakupalia magamba na kukutolea minofu palepale ukiomba kwa heshima, "nnyabo naomba unitolee ngozi pia", anakufanyia kwa kisu kimoja chembamba kuanzia mkiani kwenda juu na ngozi inatoka nzima. Omba na kichwa chako na mifupa, ni supu ya jioni hiyo.

Samaki nimpikeje kabla ya kuchanganya? Nimchemshe?

Tafadhali usimchemshe kwenye maji. Ladha yote inaingia kwenye maji na samaki anabaki amelowa. Njia ninayoipenda mimi ni ya jani la mgomba, ileile tunayotumia kwa luwombo, mchuzi wetu unaopikwa ndani ya jani: pitisha jani juu ya moto lilainike lisipasuke, weka minofu yenye chumvi kidogo na vipande vya limao, funga, weka kwa mvuke dakika 15. Samaki anatoka ameiva na ana harufu fulani tamu ya jani ambayo hata baada ya kuokwa inabaki. Kama huna jani, foili inafanya, au weka minofu kwenye kikaango kikavu chenye mafuta tone tu, funika, moto mdogo, dakika nne tano kila upande.

Sasa sehemu ambayo watu wanairuka. Ukifungua lile jani utaona maji meupe yamekusanyika chini, usiyamwage ndani ya bakuli, yaweke pembeni kwa ajili ya sosi. Samaki mchambue kwa vidole sio kwa uma, maana kidole kinahisi mwiba na uma hauhisi. Mwache apoe kidogo alafu mfunge kwenye kitambaa safi cha pamba na umkamue, kamua kweli, sio kugusa gusa. Utashangaa bado kuna vijiko viwili vitatu vya maji vinatoka kwenye samaki ambaye ulidhani ni mkavu. Ukifungua kitambaa nyama iwe imeachana nyuzi nyuzi na ukiibana haikulowanishi mkono.

Mbona viazi vyangu vinanata kama gundi?

Umetumia blenda, si ndio? Au umeviponda mno. Viazi vina wanga, na ukivipiga sana ule wanga unatoka na kuvuta. Chemsha viazi na maganda yake ili visinywe maji, menya vikiwa vya moto (shika kwa kitambaa), virudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo dakika moja au mbili ukitikisa hadi uone mvuke umepungua, ndio uponde kwa mwiko au kwa uma, mara chache, mabonge madogo madogo yakibaki hayana shida. Usiongeze maziwa wala siagi, hii sio ile ya kula na nyama.

Viazi vya Kabale na Kisoro, kule kusini magharibi mwa Uganda, viko vya aina nyingi, wewe muulize muuzaji akupe vile ambavyo watu wa chipsi wanavichukua, hivyo ni vikavu na vya unga.

Naweza kuweka matoke, muhogo au viazi vitamu badala ya viazi ulaya?

Muhogo ndio, unashika vizuri sana, ila toa ule uzi wa katikati na uuponde ukiwa moto sana maana ukipoa unagoma. Viazi vitamu vinakubali lakini vina maji na sukari, kwa hiyo ongeza unga kijiko kimoja na uviangalie kwenye oveni vinaungua haraka. Matoke sikushauri. Yakipoa yanakuwa magumu, rangi inageuka, na ladha yake inamfunika samaki, wacha matoke yabaki matoke uyale pembeni.

Kroketi zangu zinapasuka na kusambaratika, nifanyeje?

Mara nyingi ni mambo matatu. Mchanganyiko umelowa, au kitunguu kimeingia kibichi, au hukuzipumzisha kwenye baridi.

Kitunguu kikatekate kidogo sana ukikaange kwenye kijiko kimoja cha mafuta hadi kilainike na kikauke, saumu iingie mwishoni, ukiweka kibichi kitatoa maji ndani ya oveni na yale maji yakitafuta njia ya kutoka ndio kroketi inapasuka katikati. Changanya kila kitu kikiwa kimepoa. Kabla hujaunda zote chukua kidogo kwenye kiganja, ukunje ngumi, ufungue: kikibaki na alama za vidole bila kuachana na bila kuacha unyevu kiganjani, endelea. Kikiachana ongeza kiini kingine cha yai, kikilowanisha kiganja ongeza chenga za mkate kijiko kimoja kimoja, usikimbilie unga maana unga mwingi unafanya ndani kuwe kuzito.

Unda vidude virefu vya unene wa vidole viwili na urefu wa kidole kimoja, bana ncha zisiwe na nyufa, alafu ziweke kwenye friji dakika 40 au saa nzima. Hii friji sio mapambo jamani, ndio inafanya zishikane. Kama huna friji zitengeneze ndogo zaidi na zilale bapa, zitavumilia.

Mbona hazipati rangi? Zinaiva lakini zimepauka.

Kwa sababu chenga za mkate zimeingia oveni zikiwa nyeupe. Kwenye mafuta ya kukaanga chenga zinabadilika rangi ndani ya dakika, kwenye hewa ya moto zinachelewa na ukingoja zipate rangi samaki ndani ameshakauka. Dawa yake ni kuzipa rangi kabla: weka mafuta vijiko viwili kwenye kikaango, tia chenga, koroga bila kuacha kwa moto wa wastani hadi ziwe kahawia ya dhahabu, kama dakika tano, toa haraka uweke kwenye sahani zipoe. Mimi natia na pinchi ya bizari ya manjano hapo, rangi inakuja nzuri na harufu pia.

Kupakia ni unga kwanza, kung'uta, yai, alafu chenga. Mkono mmoja uwe wa vitu vikavu na mwingine wa yai, la sivyo vidole vyako ndio vitapakiwa kuliko kroketi.

Oveni iwe moto kiasi gani na kwa muda gani?

Nyuzi 200, iwe imeshapata moto kabisa kabla hujaingiza, na trei pia iwe ndani inapata moto. Paka mafuta trei, panga kroketi zisigusane, nyunyiza mafuta kidogo juu, dakika 12, geuza, dakika nyingine 8 hadi 10. Samaki ameshaiva tangu mwanzo kwa hiyo unachotafuta ni joto kufika katikati, kile kiini cha yai kiive na ganda kukauka. Ukizitoa ziache zitulie dakika tatu ndio uziinue. Zikipangwa zimebanana zinajipika kwa mvuke wa kila moja, zitalowa hata kama hatua zote za mwanzo ulizifuata.

Sina oveni, nina sigiri (jiko la makaa) tu. Je?

Inawezekana kabisa na watu wengi hapa ndio wanaoka keki hivyo hivyo. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini kama sentimita tatu, funika, iweke kwenye sigiri ipate moto dakika 15 hivi. Weka kroketi kwenye trei au sahani ya alumini iliyopakwa mafuta, ishushe juu ya mchanga, funika na mfuniko bapa wa bati, na juu ya mfuniko weka makaa yaliyoshika moto. Siri iko kwenye mgawanyo: makaa mengi juu, machache chini. Watu wanafanya kinyume alafu chini inaungua juu imepauka. Kujua kama moto umetosha tupia unga kidogo kwenye trei tupu, ukianza kuwa kahawia baada ya dakika moja au mbili, ingiza. Hesabu dakika 25 mpaka 30, geuza mara moja tu, na kila ukifunua unapoteza moto kwa hiyo usichungulie chungulie.

Na hili nalisema kwa msisitizo, sigiri iwe nje au mahali penye hewa inayopita. Moshi wa makaa usiouona wala kuunusa unaua watu ndani ya nyumba zilizofungwa, mvua inyeshe isinyeshe usiifungie ndani.

Na eya fraya?

Nyuzi 190, dakika 12 hadi 14, geuza katikati. Usijaze.

Sosi rahisi ni ipi?

Nina mbili. Ya kwanza ya nyanya, ndio ninayoitengeneza siku nyingi. Nyanya nne zilizoiva sana, kitunguu nusu, saumu punje mbili, mafuta kijiko kimoja. Kaanga kitunguu polepole hadi kilainike bila kuungua, tia saumu nusu dakika, tia nyanya ulizokwaruza (kata katikati, kwaruza upande wa nyama, ganda linabaki mkononi), chumvi, na yale maji ya samaki uliyoweka pembeni. Funika dakika 10 alafu funua, iache ikauke hadi ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla sosi haijarudi. Hapo zima, tia limao na dania. Nyanya zikiwa kali kwa uchachu pinchi ya sukari inatosha. Hakuna haja ya vikolezo vya pakiti hapa, yale maji ya samaki yanafanya kazi yote, na vile vya pakiti vina chumvi nyingi, vinafanya kila chakula nyumbani kiwe na ladha ileile.

Ya pili ni ya baridi, ya bongo (mtindi). Chukua bongo isiyo na sukari, ichuje kwenye kitambaa saa moja ili iwe nzito, tia saumu nusu punje iliyopondwa, limao, chumvi, tango lililokwaruzwa na kukamuliwa, pilipili mbichi kama unapenda. Siku za jua kali hii ndio yenyewe.

Ila sosi yoyote utakayochagua iweke kwenye bakuli pembeni, usimwage juu ya kroketi. Umetumia saa nzima kukausha ganda, usililoweshe kwa sekunde tano.

Sosi ya karanga, binyebwa, haifai?

Inafaa na kwetu samaki na karanga ni ndugu, hasa samaki wa moshi. Ifanye nzito kuliko ya kawaida, na usizidishe chumvi. Kwa kweli ukitumia mputa wa moshi kwenye kroketi (theluthi moja wa moshi, zilizobaki wa kawaida) alafu ukala na sosi ya karanga, hiyo ni ladha ya Uganda kabisa na wageni wanaiulizia. Samaki wa moshi mloweke dakika 10 kwenye maji ya moto, mkamue, na chumvi ya mchanganyiko punguza nusu.

Mukene (dagaa) je? Na samaki wa kopo?

Mukene wakavu wakaange kidogo bila mafuta, wasage, ongeza vijiko viwili vya chakula kwenye mchanganyiko, wanaongeza ladha na kwa sababu wanaliwa na mifupa yao unapata na kalsiamu. Ila wachambue kwanza, wengine wanaanikwa chini na mchanga unaingia, mchanga mmoja kwenye jino unaharibu mlo mzima. Wa kopo wanafaa ukiwa na haraka, wachuje kabisa, wale wa nyanya waoshe.

Naweza kumpa mtoto mdogo?

Ndio, lakini miiba kwanza. Baada ya kuchambua tandaza samaki kwenye sinia pana lenye mwanga, upitishe vidole tena polepole, na mtu mwingine apitishe baada yako maana macho yaliyochoka yanaruka. Toa pilipili, punguza chumvi, na kwa wadogo kabisa uvunje vipande mbele yao usimwachie ashike nzima. Mtoto ambaye hajawahi kula samaki au yai mpe kidogo sana kwanza umwangalie.

Naweza kuandaa leo nikaoka kesho, au kugandisha?

Leo kwa kesho, sawa, zikiwa zimepakiwa chenga na kufunikwa kwenye friji. Kugandisha, zipange kwenye trei bila kugusana saa mbili hadi ziwe ngumu ndio uweke kwenye mfuko, zinakaa mwezi mmoja vizuri. Zioke bila kuyeyusha, nyuzi 190, dakika 30 hadi 35. Wakati wa futari au Ijumaa za Kwaresima hii inaokoa sana.

Tatizo letu ni umeme. Ukikatika usifungue friza, ikiwa imefungwa na imejaa inashikilia baridi muda mrefu. Ukirudi zigusie: zikiwa bado ngumu ziache, zikiwa zimeyeyuka lakini bado ni za baridi kabisa zioke siku hiyohiyo, na zikiwa zimefika joto la chumbani zitupe, najua inauma lakini samaki sio kitu cha kubahatisha. Hata zilizopikwa zisikae mezani zaidi ya saa mbili.

Situmii mayai, kuna njia?

Ndani usiweke kitu, viazi vikavu vinatosha kushika ukiongeza kijiko kimoja cha unga wa muhogo. Nje tengeneza uji mwepesi wa unga wa ngano na maji, chovya humo badala ya yai alafu chenga. Ganda linakuwa jembamba kidogo, sio baya.

Zikibaki?

Zipashe kwenye oveni au kikaango kikavu, usitumie maikrowevu, inazilowanisha. Au ponda mbili tatu juu ya chapati ya moto, tia kachumbari na ile sosi ya nyanya, kunja. Wanangu wanaomba zibaki makusudi kwa ajili ya hiyo ya asubuhi kabla ya shule.